Je, Binti wa Mungu Ajifunze Kujikinga?

Masomo: Kutoka 22:2-3, 2 Samweli 13:1-20, Yohana 18:10-23, Warumi 12:17-21



Swali la juma hili limetoka kwa wazazi. Wanauliza: akija mwalimu wa kufundisha binti zetu, na hata mama zetu, jinsi ya kujitoa mikononi mwa mtu anayewashambulia, je, kanisa limkubalie? Wengine wamejibu mara moja kwamba silaha zetu si za mwili. Wengine wakasema tuwaachie maombi kazi yake, mambo ya ngumi na mateke yana mahali pake. Na kuna mama waliosema kwa sauti ya chini kwamba darasa kama hilo lingewafaa miaka mingi iliyopita. Hao wa mwisho ndio wamenifanya nishike kalamu.

Tuanze na mahali tunapoishi. Kaptagat ni mji wa watu wa alfajiri. Kabla jua halijatoka, mtu ameshakamua ng'ombe na anapeleka maziwa barabarani. Wanariadha wameshaingia njia za murram, wale ambao, pamoja na Eliud Kipchoge, wamelifanya jina la kijiji chetu lijulikane dunia nzima. Watoto wanaenda shule kukiwa bado na ukungu. Mama anaingia msituni kutafuta kuni. Msitu ule ni baraka, unatupa mvua, kuni na hewa safi. Lakini kila mwanamke hapa anajua pale ambapo miti inakaribia barabara na yeye anaanza kuharakisha hatua, huku akigeuka nyuma. Wanaume wengi hawapajui mahali hapo. Hiyo tofauti tu inatosha kutufanya tusikilize kabla ya kuhukumu.

Na hatari haikai msituni peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 34 wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu walipofika miaka 15. Wengi wao hawakuumizwa na mgeni. Oktoba 2021, Agnes Tirop aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee kule Ujerumani. Alikuwa na miaka 25. Mumewe ndiye aliyeshtakiwa. Na Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki kule Paris majuma machache kabla, alimwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Trans Nzoia na mwanamume aliyewahi kuishi naye. Alikuwa ametoka kanisani na watoto wake. Alifia hapa Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, siku nne baadaye.

Ametoka kanisani, wapendwa. Kwa hiyo tusilichukue swali hili kama la watu wa dunia. Ni letu.

Shavu la pili

Wanaopinga wana andiko mkononi, na ni andiko zito: Mathayo 5:39, habari ya kugeuza shavu la pili. Hatuwezi kulikwepa. Lakini tulisome lote. Bwana anataja shavu la kuume. Hebu simama mbele ya mwenzako ujaribu, bila kumgusa. Mtu anayetumia mkono wa kulia akikupiga kofi la kawaida, litatua kwenye shavu lako la kushoto. Ili apate la kulia, itabidi atumie mgongo wa mkono. Hicho ni kibao cha dharau, kibao anachopigwa mtumwa ili ajue nafasi yake. Bwana anatufundisha tusilipe tusi kwa tusi, tusirudishe kofi kwa kofi. Hapo hakuna neno hata moja la kumwambia msichana aliyekamatwa gizani kwamba atulie.

Tena, tumtazame Bwana mwenyewe alivyofanya. Usiku ule mbele ya kuhani mkuu, askari mmoja alimpiga kofi. Yesu hakumrudishia. Lakini pia hakunyamaza! Yohana 18:23 inaonyesha alimtaka yule askari aseme ni kosa gani limetendeka, na kama hakuna, kwa nini anampiga. Alitumia sauti. Aliuita uovu kwa jina lake mbele ya mashahidi. Na kule Nazareti, watu walipomsukuma hadi ukingo wa kilima ili wamtupe chini, Luka 4:30 inasema alipita katikati yao akaenda zake. Saa yake ilikuwa haijafika, kwa hiyo aliondoka.

Daudi aliukwepa mkuki wa Sauli, akatoroka usiku. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Na askari walipomfunga ili wampige mijeledi, aliuliza kama sheria inaruhusu kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa. Hakuna mhubiri anayewaita watu hawa waoga au wasio na imani. Basi kwa nini binti akijifunza kupiga kelele, kujinasua na kukimbia tuseme amemkosea Mungu?

Kuna ndugu atasema: lakini mashahidi wa imani walikubali kufa bila kuinua mkono. Ni kweli, na tunawaheshimu. Ila tuangalie vizuri. Shahidi aliulizwa kuhusu Yesu, naye akachagua. Msichana wa miaka 14 anayevutwa kwenye shamba la mahindi hajaulizwa habari ya imani yake, na hajachagua chochote. Msalaba mtu hujitwika mwenyewe. Ukimtwika mwenzako, usiuite msalaba. Huo ni mzigo tu, na umeuweka wewe.

Jua likishachomoza

Hata hivyo ndugu zetu wanaopinga wana jambo moja ambalo lazima tulichukue. Wanaogopa kwamba tukianza na kujikinga tutamalizia na kupiga watu. Hofu hiyo ina msingi. Sisi wa Uasin Gishu tunajua neno "kujilinda" limewahi kubebeshwa nini. Mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008 kila upande ulisema unajilinda. Na tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa, watu waliokimbilia usalama ndani ya kanisa la Kenya Assemblies of God walichomwa humo, wengi wao wanawake na watoto. Kanisa la Kipentekoste kama letu. Anayesema kujilinda ni halali, hapa kwetu, lazima pia aseme kunakoma wapi.

Maandiko yanasema. Kutoka 22 inazungumza juu ya mwizi anayekamatwa akivunja nyumba. Akipigwa usiku hata akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limemchomozea, hatia ipo. Angalia: mwizi ni yuleyule, na nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni mwanga. Usiku huoni kama ana panga, hujui kama amekuja kuiba au kuua, na huna wa kukusaidia. Kukikucha unamwona, unaweza kuita watu, unaweza kumpeleka kwa wazee. Hatari imepungua, na ruhusa ya kutumia nguvu imepungua nayo.

Hicho ndicho kipimo, na mtoto anaweza kukielewa: nguvu inaishia pale hatari inapoishia. Ukimsukuma mtu akuachie, umejikinga. Ukimfuata akiwa anakimbia umpige jiwe la kichwa, umeanza kulipa kisasi, na Warumi 12:19 inasema kisasi kina mwenyewe. Tukimkamata mwizi wa ng'ombe, akiwa amelala chini na mikono imefungwa, halafu mtu aseme leteni tairi, hapo hakuna anayejikinga tena. Jua limeshachomoza. Hata sheria ya nchi inafanana na hilo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua haki ya kujitetea, na mahakama huuliza kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari uliyoiona.

Tena tazama Petro na upanga wake. Alimkata Malko sikio, na Bwana akamwambia aurudishe upanga, kisha akaliponya lile sikio. Adui yule aliendelea kuwa mtu mwenye sikio, mbele za Mungu. Darasa lolote la kujikinga litakalofundisha watoto wetu kufurahia kuumiza, hilo tulikatae. Lakini la kumfundisha mtu kutoka salama, na kumwacha hata mshambuliaji akiwa hai ili atubu, hilo linaenda na Injili.

Darasa lenyewe linafundisha nini?

Wengine wakisikia kujikinga wanafikiria sinema, mtu anaruka ukutani na kuangusha watu kumi. Mafunzo ya kweli ni ya kawaida kabisa, na yanaanza mbali na ngumi.

Kule Korogocho, Nairobi, nyanya zetu wenye miaka 60 na 70 na zaidi wamekuwa wakikutana kwa mazoezi ya kujikinga, kwa sababu vijana walikuwa wakiwabaka wazee. Wanavaa leso na sweta zao, wanapiga mto wa mazoezi kwa zamu, na wanapaza sauti. Sauti ndiyo wanayoanza nayo. Katika mitaa hiyohiyo ya Nairobi wasichana wa shule walipewa mafunzo ya aina hiyo, na mwaka 2014 watafiti waliandika matokeo katika jarida la watoto la kitabibu liitwalo Pediatrics. Zaidi ya nusu ya wasichana waliofunzwa walisema kwamba katika mwaka uliofuata walitumia walichojifunza kuzuia kushambuliwa. Wavulana nao walikuwa na mafunzo yao, ya kuheshimu na ya kuingilia kati wanapoona mwenzao anakosea msichana. Hilo tulikumbuke, maana tukifundisha wasichana peke yao tutakuwa tumeziba tundu moja na kuacha mlango wazi.

Basi wanafundishwa nini? Wanafundishwa kutambua mapema: mtu anayekufuata, anayekuuliza maswali huku akisogea, anayekutaka mwende mahali pasipo na watu. Kuweka nafasi kati yako na yeye. Kusema "hapana" moja, kwa sauti ya tumbo, bila kucheka na bila kuomba msamaha. Kuita watu kwa kutaja kinachotendeka: "Wewe mwenye jaketi jekundu, niachie mkono!" Akikushika kifundo cha mkono, unavuta kuelekea pale kidole gumba chake kilipo, maana hapo ndipo mshiko ni dhaifu. Ikibidi kupiga, unatumia kiganja, kiwiko na goti, na unalenga mahali ambapo hata mtu mkubwa anaumia: macho, pua, koo, sehemu za siri. Kisha unakimbia. Hungoji kuona kama ameanguka. Unakimbilia penye taa na watu.

Na akitaka simu au pesa, mpe. Simu ina bei dukani. Wewe huna.

Vitu hivi ni vichache kwa sababu maalum. Mtu akishtuka sana, mikono inatetemeka, akili inafunga, na yale mengi aliyosoma yanapotea. Kinachobaki ni kile ambacho mwili umekirudia mara mia. Ndiyo maana kusoma makala kama hii hakutoshi. Lazima watu wafanye, wasukumane, wapige kelele hadi aibu iishe. Sisi Wapentekoste kelele hatuiogopi. Binti anayeweza kupaza sauti katika ibada, kwa nini afundishwe kunyamaza barabarani?

Lakini niseme na hili, na tafadhali lisisahaulike. Wako watu ambao siku ile mwili uliganda. Hawakupiga kelele wala hawakukimbia. Huko kuganda ni jinsi mwili ulivyoumbwa, kama vile swala anavyolala kama aliyekufa. Aliyeganda hakukubali. Hana dhambi ya kutubu katika jambo hilo. Mafunzo tunampa mtu kama mwavuli. Asipokuwa nao na mvua ikamlowesha, hatusemi yeye ndiye aliyeleta mvua.

Tamari hakunyamaza

Hapa sasa ndipo swali linatugeukia sisi. 2 Samweli 13 inatusimulia habari za Tamari, binti Daudi. Soma polepole. Alitumwa na baba yake, kwa heshima, ampikie kaka mgonjwa. Hakuwa msituni, wala haikuwa usiku wa manane. Alikuwa nyumbani kwa ndugu yake. Amnoni alipomshika, alikataa. Alimwambia asimtende hivyo, akampa sababu, akamwonyesha aibu itakayowapata wote wawili, hata akatafuta njia ya kumchelewesha. Kila kitu ambacho darasa la kujikinga lingemfundisha kinywa chake, Tamari alikifanya. Amnoni alikuwa na nguvu kumshinda.

Baadaye alitoka akilia kwa sauti, majivu kichwani, vazi limeraruliwa, watu wote waone. Na Absalomu kaka yake, aliyempenda, akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Mfalme Daudi alipopata habari alikasirika sana. Halafu? Hatusomi kwamba alifanya lolote. Tamari akakaa katika nyumba ya Absalomu, ukiwa. Na miaka miwili baadaye Absalomu akamwua Amnoni, na nyumba ya Daudi ikaanza kuvunjika.

Wapendwa, binti alipaza sauti, na wakubwa ndio waliomziba mdomo. Tunaweza kuleta mwalimu bora kabisa Kenya, awafundishe binti zetu kupiga kelele. Lakini kelele inahitaji sikio. Ikiwa msichana akija kwa mama yake na jina la mjomba, mama anasema usivunje familia. Akija kwa mzee wa kanisa na jina la mwimbaji, mzee anasema tutamwombea. Basi tumemfundisha kinywa na kumnyima sikio. Na mke anayepigwa nyumbani, kiwiko na goti havitamtosha, maana yule mtu analala naye kitanda kimoja na anajua funguo ziko wapi. Kujikinga kwake ni mahali pa kwenda usiku. Ni nani hapa angemfungulia mlango saa nane bila kumwuliza kwanza amemkosea nini mumewe?

Kwa hiyo jibu langu kwa wazazi ni ndiyo, kwa masharti. Mwalimu aje, awe mtu anayejulikana, na mama wawili wa kanisa wakae darasani muda wote. Wavulana wapate darasa lao juma hilohilo. Na wazee wa kanisa, kabla ya binti yeyote kujifunza kupaza sauti, wakubaliane mbele ya ushirika watafanya nini sauti hiyo ikisikika. Wakubaliane kwamba kesi ya jinai haitamalizwa ofisini kwa sala na mbuzi. Kwamba aliyeumizwa atasindikizwa hospitalini mara moja, kabla ya kuoga, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa tu zikianza ndani ya saa 72. Kwamba mtu atakwenda naye polisi, achukue namba ya OB, ajaziwe fomu ya P3. Kwamba simu ya bure 1195, ya kuripoti ukatili wa kijinsia, na 116, ya watoto, zitabandikwa mlangoni, na vyooni pia, pale mtu anapoweza kuzisoma akiwa peke yake.

Tutaendelea kuomba. Nehemia na watu wake waliomba, wakaweka walinzi, na waliojenga walishika kazi kwa mkono mmoja na silaha kwa mwingine. Hakuna aliyewaambia wachague kati ya maombi na mlinzi.

Maswali kwa ushirika wa nyumbani:

1. Katika 2 Samweli 13, ni nani aliyeweza kumsaidia Tamari, na kabla au baada ya lini?
2. Jirani yako akibisha usiku akikimbia kipigo, nyumba yako iko tayari? Mmeshazungumza kama mume na mke?
3. Ni mahali gani hapa Kaptagat ambapo binti zetu wanaogopa kupita? Waulizeni wenyewe, kisha muulizane nani atakata kichaka, nani atafuatilia taa, na nani atatembea nao alfajiri.

Tuombe. Baba, wewe uliyesikia kilio cha Hajiri jangwani, utupe masikio. Uwalinde wanaotoka kabla ya jua. Uwazuie mikono wanaotaka kuumiza, na uwarudishe kwako kabla hawajaumiza. Na yule anayesoma haya akiwa na siri ambayo hajamwambia mtu, umpe wiki hii mtu mmoja atakayemwamini. Katika jina la Yesu. Amina.